Paka anapiga chafya siku ya tisa sasa: yatapita yenyewe au niwe na wasiwasi?

Bi_Chuda

Assalaam alaykum. Nina paka jike mweusi, Chausiku, miaka miwili, kilo 3.4 kwenye mizani ya dukani. Leo ni siku ya tisa anapiga chafya. Jana nilihesabu tangu alfajiri hadi isha: mara 18, nyingi za mkupuo, tatu tatu au nne nne. Kamasi ni maji matupu kama machozi, yanatoka matundu yote mawili. Dagaa anamaliza, choo kizuri, ila kucheza kumepungua.

Mengine yanayoweza kusaidia. Nipo Chuda, Tanga mjini. Siku kumi na mbili zilizopita kaingia mtoto wa paka hapa nyumbani, kaokotwa sokoni, wa wiki sita au saba hivi, ana tongotongo. Wanakula sahani moja. Alhamisi usiku na Ijumaa huwa tunafukiza udi. Choo chao ni karai la jivu la mkaa. Chausiku hajawahi kuchanjwa.

Jirani kaniambia nimpe robo ya Panadol asubuhi na jioni, na duka la dawa wameniuzia kapsuli za amoksilini. Sijampa chochote bado. Nataka kujua: hizi chafya mwisho wake ni lini, na nikiona nini ndiyo nikimbie kwa daktari wa mifugo?

Veterinari_Pwani

Wa alaykum salaam dada. La haraka kwanza: hiyo Panadol usimpe, wala robo wala chembe. Robo ya kidonge cha mg 500 ni mg 125. Kwa paka wa kilo 3.4 hiyo ni kama mg 37 kwa kila kilo, na paka wameshadhurika kwa mg 10 tu kwa kilo. Ini la binadamu huifunga parasetamo ikatoka na mkojo; la paka limepungukiwa na kimeng'enya cha kazi hiyo, basi dawa inageuka sumu inayoharibu damu. Ufizi unakuwa wa kahawia kama chokoleti, uso na miguu vinavimba, pumzi zinabana, na yote hayo huweza kuanza ndani ya saa chache. Anayesoma hapa na ameshampa wake, asingoje dalili. Dawa ya kuitengua ipo, asetilisisteini, lakini inataka iwahi. Diklofenaki na ibuprofeni ziweke kapu hilo hilo.

Sasa chafya. Chafya nyingi za paka chanzo chake ni virusi viwili: hepesi ya paka na kalisi. Hivi ni vya paka kwa paka, watu wa nyumbani hamviambukizwi. Hepesi huchukua siku 2 hadi 6 tangu kuingia mwilini hadi chafya ya kwanza. Wewe mtoto kaingia siku ya 12 nyuma, chafya siku ya 9 nyuma, yaani siku tatu katikati. Hesabu hiyo inaangukia palepale. Ingekuwa hepesi ya zamani iliyomlalia Chausiku mwilini ikaamshwa na fadhaa ya mgeni, ningetegemea ichelewe zaidi, kama wiki moja. Kwa hiyo nadhani sana amepewa na mtoto, kwenye sahani ile.

Mafua ya aina hii kwa paka mkubwa mwenye afya huisha kati ya siku 7 na 14, akibaki na chafya za hapa na pale. Kamasi za maji matundu mawili, anakula, anapumua vizuri: huyo anauguzwa nyumbani. Idadi ya chafya usiiogope. Kumi na nane kwa siku zinachosha masikio yako kuliko zinavyomuumiza yeye. Tazama vitu vingine:

Kula. Paka ni mnyama wa pua. Asiposikia harufu hali, hata umpe nguru. Paka mkubwa akipitisha saa 24 hajagusa chakula, mpigie daktari. Zikifika siku mbili tatu, hasa paka mnene, mafuta ya mwili yanakimbilia ini na kulijaza, na hapo umeshapata ugonjwa wa pili mbaya kuliko mafua.

Pumzi. Mngoje alale, tazama ubavu: kupanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Aliyelala asizidi 30 kwa dakika. Akifika 40 naye ametulia, au anapumua kinywa wazi, au tumbo linavuta ndani kwa nguvu kila pumzi, hiyo si ya kungoja kesho. Paka hahemi mdomo wazi kama mbwa.

Joto. Kipimajoto cha namba, kipake mafuta ya mgando, ingiza sentimita moja na nusu njia ya haja kubwa, mtu wa pili amfunge paka kwenye kanga mikono yote ndani. Kawaida ni nyuzi 38.0 hadi 39.2. Usipime akitoka juani. Ikizidi 39.5 na ametulia kivulini, ana homa.

Rangi. Kamasi ikiwa njano au kijani, nzito, na paka amenyong'onyea, ni dalili bakteria wamepata nafasi juu ya virusi. Njano peke yake na paka anakula na kurukaruka, bado si sababu ya antibiotiki. Damu ni habari nyingine, na kamasi ya tundu moja tu ni habari nyingine zaidi.

Kinywa na mwendo. Funua mdomo uangalie ulimi. Vidonda kama malengelenge yaliyopasuka, udenda unaning'inia, au anachechemea leo mguu huu kesho ule: hiyo ni kalisi. Inauma mno, paka anataka kula lakini anarudi nyuma.

Macho. Akifumba jicho moja, ni siku hiyo hiyo kwa daktari. Sababu nitaieleza mtu akiuliza.

Halafu dada, Chausiku sina wasiwasi naye kama nilivyo na huyo mdogo. Umetueleza mistari kumi juu ya mkubwa, mtoto ukampa neno moja, tongotongo. Ana uzito gani? Anakula mara ngapi? Macho yote mawili yanafumbuka?

Mkonge21

Naongezea kwenye amoksilini. Iweke kabatini. Antibiotiki haigusi kirusi, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 wa tiba za njia ya hewa kwa mbwa na paka unasema paka mwenye mafua mapya aangaliwe hadi siku 10 kabla ya kupewa, ila kama ana homa, amelegea au hali, pamoja na kamasi nzito ya usaha. Chausiku hana hata kimoja.

Na zikihitajika, mara nyingi chaguo la kwanza huwa doksisaiklini, kwa kuwa inawapata bakteria wa mafua ya paka waitwao klamidia na maikoplazma, ambao amoksilini haiwafai sawasawa. Dozi ni mg 10 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 3.4 ni mg 34, na kapsuli ya dukani ni mg 100, ndiyo maana sitaki mtu amimine unga kwa macho. Daktari akuandalie ya maji. Akikupa kidonge, usikitupe kikavu kooni: doksisaiklini hukwama kwenye umio wa paka, ikaunguza, kidonda kikipona kinaacha kovu linaloziba njia ya chakula. Kila kidonge kifuatwe na mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya shavu, kidogo kidogo, au tonge la chakula.

Jambo la huku kwetu: Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa, na wataalamu wengi wa mifugo utakaowapata mkoba wao umepangwa kwa ng'ombe. Uliza kabla hajachoma. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ina mg 200 ndani ya mililita moja tu. Kwa mnyama wa kilo tatu kosa la tone ni kosa kubwa, na inauma vibaya inapochomwa. Mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini nao si wa paka, streptomaisini inaua masikio na mizani ya mwili. Mwombe apime uzito mbele yako, aandike miligramu. Si ukaidi huo, mtaalamu mzuri hachukii kuulizwa.

Kuhusu tundu moja. Pima hivi: chukua kioo kidogo, au simu iliyozimwa skrini, iweke kwenye jokofu dakika moja ipoe, shika mbele ya pua bila kugusa. Lazima utokee ukungu wa madoa mawili. Doa moja likikosekana, kuna kitu kimeziba upande huo.

Kitu chenyewe hutegemea ilivyoanza. Ikianza ghafla, chafya mfululizo hata ishirini, anajikwangua uso kwa mguu, anameza meza: jani la nyasi au mwiba. Paka anatafuna nyasi, anatapika, jani linapanda nyuma ya kaakaa badala ya kutoka mdomoni, ncha inachungulia puani. Jani lina vimeno vinavyotazama upande mmoja. Usilivute kama huoni lote, litakatika na la ndani halitafutiki tena ila kwa daktari kumlaza usingizi. Kamba ya mkonge nayo ni vile vile, wale wanaofungia kuku na makreti angalieni vipande.

Ikija polepole na paka ni mtu mzima, fungua mdomo utazame chonge za juu. Mzizi wa chonge ya juu umetenganishwa na tundu la pua kwa mfupa mwembamba. Jino likioza, usaha hula huo mfupa na paka anaanza kupiga chafya kila anapokunywa maji. Hapo hakuna dawa ya kumeza itakayomaliza, jino ling'olewe na tundu lishonwe. Paka kijana anayekoroma akiwa macho na kutikisa kichwa huenda ana kinyama kilichoota nyuma ya pua, nacho hutolewa. Paka wa miaka kumi na zaidi, kamasi ya damu, daraja la pua limeanza kuinuka: fikirieni uvimbe wa saratani au kuvu. Kuna kuvu inayokaa kwenye kinyesi cha njiwa, na tiba yake ni ya miezi. Mwenye banda la njiwa juu ya dari na paka chini yake asipuuze.

Kusi_na_Kaskazi

Nyie mmeshika dawa, mimi nashika nyumba. Kwenye maelezo ya Bi Chuda kuna vitu viwili vinavyopigisha paka chafya hata pasipo kirusi: udi na jivu.

Chetezo tunakiweka chini, kwenye mkeka au pembeni ya kitanda. Pua yako iko mita moja na nusu juu, pua ya paka iko sentimita ishirini kutoka sakafuni. Na anayoyakosa kwa pua anayapata kwa ulimi, maana masizi yanatua kwenye manyoya naye anajilamba. Sisemi muache udi, nani ataacha udi Ijumaa Tanga hii. Mtoe paka nje au chumba kingine, fukiza, fungua madirisha, arudi baada ya saa moja. Koili ya mbu vivyo hivyo, na ile inawaka usiku kucha chumba kimefungwa. Chandarua ni bora mara mia. Dawa za kupulizia mende na mbu nyingi zina jamii ya pairethroidi, na paka akilowana nazo hutetemeka mpaka degedege. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini msimdondoshee paka abadan.

Jivu la mkaa kwa choo ni baya kwa sababu mbili. Kavu linapeperuka anapofukua, na kichwa chake kiko palepale. Likilowa na mkojo linakuwa kali kama magadi, linachoma nyayo na pua. Tumia mchanga mnene wa mtoni, si ule laini wa ufukweni, uchekeche kwa chujio la unga ili vumbi litoke, kina cha sentimita nne au tano. Maranda ya seremala yanafaa kama ni vipande. Vumbi la msumeno halifai. Ukiwa na nafasi weka makarai mawili, la mgonjwa na la mzima.

Kujua kama tatizo ni hewa ya nyumba: siku saba bila udi, koili, jivu wala pafyumu ya kupuliza. Chafya zikishuka nusu, rudisha kimoja, ngoja siku tatu, kisha kingine. Ukirudisha vyote siku moja hujajifunza kitu. Walioko Pongwe karibu na vumbi la saruji, au nyumba za barabara za vumbi, fagieni kwa kitambaa cha maji badala ya ufagio mkavu.

Na jambo la kuepuka kabisa: msimfukize paka kwa mafuta ya mkaratusi, karafuu, wala kumpaka ile mafuta ya kifua yenye kafuri. Hicho kinachokufungulia wewe pua, kwake ni sumu. Kitunguu saumu kwenye mchuzi wake pia hapana, kinavunja chembe nyekundu za damu.

Bi_Chuda

Ahsanteni mno. Jivu nimeshamwaga. Mtoto nimempima sasa hivi, gramu 590. Jana usiku alikula, leo asubuhi kanusa tu akaondoka. Kweli jicho la kushoto analifumba, nilidhani usingizi. Kuna tongotongo la njano limegandisha kope. Nina dawa ya matone ya macho ya mwanangu, imeandikwa dekisamethasoni na neomaisini. Nimtie?

Veterinari_Pwani

Usimtie. Neno la kwanza kwenye chupa hiyo ndilo baya. Dekisamethasoni ni steroidi. Hepesi hupenda kuchimba kidonda kwenye kioo cha jicho, na steroidi inazuia kidonda kufunga. Jicho la mtoto wa paka huweza kutoboka kwa siku chache. Kufumba jicho maana yake linauma, na jicho linalouma ni kidonda mpaka ithibitike sivyo.

Mpeleke leo. Mwambie mtaalamu maneno haya: nataka jicho lipakwe rangi ya fluoresini. Ni karatasi ya rangi ya chungwa, inaloweshwa tone la maji na kuguswa jichoni; penye kidonda panabaki kijani. Kama hana, kliniki za macho za binadamu hutumia karatasi hiyo hiyo, aagize. Hepesi ikiwa kali, dawa ya kirusi inayofaa paka ni famsiklovia, kwa dozi ya daktari. Asaiklovia ya kumeza, mnayoijua kwa mkanda wa jeshi, inaharibu uboho wa paka. Majina yanafanana, msichanganye.

Kabla ya kuondoka nyumbani fanya haya, ni ya nusu saa.

Maji ya chumvi: chemsha nusu lita, tia chumvi robo tatu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, acha yapoe hadi vuguvugu. Hiyo ni gramu 4.5, inalingana na machozi. Ukizidisha chumvi inauma, ukipunguza inauma pia. Dripu ya chumvi ya duka la dawa ni sawa na ni safi zaidi. Tengeneza mapya kila siku.

Loweka pamba, ibandike kwenye kope dakika mbili, usibandue ganda likiwa kavu. Futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, pamba moja jicho moja, tupa. Pua: futa nje, kisha tone moja kila tundu. Atapiga chafya, ndiyo makusudi.

Chakula: huyo wa gramu 590 hana akiba. Mkubwa nilimpa saa 24, yeye nampa saa 12, na sehemu yake imeshapita. Chemsha samaki bila chumvi wala kitunguu, toa miiba yote, ponda na mchuzi wake mpaka uwe uji, mpe ukiwa na joto la mwili, nyuzi 37 au 38. Joto ndilo linalopandisha harufu. Mpake kidogo kwenye mdomo wa juu aonje. Akikataa, bomba la mililita 1, amekaa kifudifudi kichwa sawa, pembeni ya shavu, nusu mililita, ngoja ameze. Usimlaze chali kama mtoto mchanga. Chakula kitaingia mapafuni.

Akiwa baridi masikio na tumbo, usimlishe kwanza. Mpe joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, pembeni yake si chini yake, aweze kuikimbia. Mtoto aliyepoa hasagi chakula.

Mzungu_wa_Raskazone

Samahani kuingilia. Wangu ni mweupe, dume la miaka minane, analala juani ukutani. Anapiga chafya kidogo, ila ncha ya pua ina kigaga kinachotoka na kurudi tangu Ramadhani. Ni mafua haya haya?

Mkonge21

Hapana, huyo usimfananishe. Paka mweupe hana rangi ya kumkinga jua, na jua la pwani halimwonei mtu huruma. Kigaga cha miezi kwenye pua, kope au ncha za masikio ya paka mweupe ni saratani ya ngozi hadi ipimwe na kukataliwa. Huanza kama mchubuko wa paka kugombana, watu wanapaka mafuta, nayo inakula ndani polepole. Ikikatwa mapema, pua na masikio huokoka. Inahitaji kipande cha ngozi kipelekwe maabara. Ukikosa wa kuifanya Tanga, Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wakati unapanga safari, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni akae ndani.

Kusi_na_Kaskazi

Bi Chuda ukirudi kutoka kwa daktari, watenge. Kwa sasa mtoto chumba chake, Chausiku chake, sahani zisichanganyike. Umhudumie mzima zaidi kwanza, mgonjwa zaidi mwisho, kisha mikono kwa sabuni na kanga ya kazi iachwe mlango wa chumba cha mgonjwa. Chafya ya paka inarusha matone mita moja na zaidi, pazia halitoshi.

Kusafisha: hepesi ni dhaifu, inakufa ikikauka, kwa kawaida haimalizi siku nje ya paka. Kalisi ndiyo shupavu, hukaa wiki kadhaa sakafuni na spiriti haiimalizi vizuri. Inataka klorini. Kwanza osha kwa sabuni uchafu utoke, maana klorini inamalizwa nguvu na uchafu. Kisha JIK ya asilimia 3.5, mililita 50 kwa lita moja ya maji ya baridi, acha dakika 10, suuza, kausha. Paka awe nje ya chumba mpaka harufu iishe, la sivyo utamwongezea chafya kwa kutafuta kumponya. Dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, usizitumie sehemu anayokanyaga paka, akilamba nyayo zinamdhuru.

Ya mvuke, kwa Chausiku: mweke kwenye tenga la kuku, funika kanga nusu tu, beseni la maji ya moto liwe nje ya tenga, umbali wa sentimita 30, chumba kidogo mlango umefungwa. Dakika 10, mara mbili kwa siku, asubuhi mapema na usiku. Mchana wa Tanga kuna joto la kutosha, akianza kuhema simamisha. Ukimaliza futa pua kisha mpe chakula papo hapo, harufu inapopatikana.

Bi_Chuda

Tumerudi. Rangi imeonyesha kidonda kidogo jichoni, kapewa mafuta ya tetrasaiklini asilimia 1 mara nne kwa siku na tumrudishe keshokutwa. Joto lilikuwa 39.7. Kala uji wa samaki mililita 8 njiani tu ndani ya bajaji. Daktari kasema chanjo baadaye. Baadaye lini, na itamfaa nini Chausiku ambaye ameshaugua?

Veterinari_Pwani

Mililita 8 kwa mwanzo si haba. Mpe tena kila saa nne, usiku pia, na umpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni: anatakiwa apande kama gramu 10 kwa siku. Akishuka siku mbili mfululizo, rudi. Mafuta ya jicho ni ukanda wa nusu sentimita ndani ya kope la chini, ncha ya tyubu isiguse jicho. Ukiona weupe wa maziwa kwenye kioo cha jicho, au mishipa myekundu inatambaa kuelekea katikati, usingoje keshokutwa.

Chanjo: mtoto asichanjwe akiwa na homa. Akipona, aanze ile ya pamoja ya hepesi, kalisi na homa ya utumbo ya paka, kisha irudiwe kila wiki 3 hadi 4 mpaka apite wiki 16. Dozi moja ya mapema haitoshi, kinga ya mama ikiwemo mwilini huizima. Halafu moja tena akifika miezi sita au mwaka. Ya kichaa cha mbwa apewe akitimiza miezi mitatu, hiyo msiijadili.

Chausiku achanjwe pia chafya zikiisha. Paka wengi walioshikwa na hepesi hubaki nayo maisha yote kwenye neva ya uso, imelala. Chanjo haiitoi, inapunguza ukali inapoamka. Itaamka akihamishwa nyumba, akizaa, akiletewa mgeni mwingine, au akipewa steroidi. Hesabu kama wiki moja baada ya tukio, naye ataambukiza wenzake wiki moja au mbili. Vidonge vya laisini mtakavyoona vinauzwa kwa kazi hiyo msinunue, majaribio hayajaonyesha faida. Na kabla hujachukua paka wa tatu sokoni, chumba cha peke yake siku 14.

Bi_Chuda

Wa tatu yupo dirishani hapa ananitazama. Hajapiga chafya bado.

Kusi_na_Kaskazi

Mpe sahani yake, nje.